Namna ya Kuandika Riwaya ya Kale Bila Kuumbuliwa

Mwenzangu, ninakujua. Unayo riwaya kichwani. Inaanza bandarini, jahazi linatia nanga, kuna binti dirishani na kuna kijana ambaye bado hajui kwamba atakufa ukurasa wa mia mbili. Mahali ni Unguja, au Bagamoyo, au Mombasa. Wakati ni zamani, na hilo zamani ndilo linalokunyima usingizi. Shahada ya historia huna, nyumba ya nyaraka hujawahi kutia mguu, na mchapishaji anataka mswada kabla ya mwaka kwisha. Sogea karibu. Njia za mkato zipo, ni za halali, na leo nakupa zote.

Kwanza tujue tunamkwepa nani. Profesa hana shida. Yeye amezoea kusoma huku ametoa kalamu nyekundu. Wa kuogopa ni bibi wa miaka themanini anayesomewa kitabu chako na mjukuu wake barazani. Akisikia kwamba jahazi limeshuka kutoka Maskati mwezi wa Julai, atasema, "Funga hilo buku, mwanangu, huyu bahari haijui," na hapo umemkosa yeye, mjukuu na mtaa mzima. Msomaji wa namna hiyo hudai kitu kimoja tu: usimwambie uongo ukiwa umekaza uso. Ukishajua hivyo, kazi yote iliyobaki ni kujua mahali pa kunyamaza.

1. Jibanze mahali padogo

Usiandike karne nzima. Mwenye tamaa huanza na Seyyid Said kuhamia Unguja na kumalizia na Mapinduzi ya 1964, na kila muongo anaouvuka unamdai nguo mpya, sarafu mpya na sultani mpya. Wewe chukua mwaka mmoja, mtaa mmoja, nyumba moja. Ukiweza, chukua mwaka wenye msiba mkubwa, maana watu wanaookota makuti ya mapaa yao hawana nafasi ya kukaa kuzungumza siasa ambazo wewe huzijui.

Nakupendekezea 1872. Aprili ya mwaka ule tufani ilipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo mama wa karafuu. Juni 1873 Seyyid Barghash akatia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa. Una miezi kumi na minne mikononi, na ndani yake kuna upepo, madeni, wenye mashamba waliofilisika na dunia inayogeuka chini ya miguu ya watu. Riwaya ngapi zimepewa mtaji kama huo?

Ila angalia kitu kimoja. Mkarafuu ukipandwa leo hauzai kesho. Hukaa miaka kadhaa. Kama wapenzi wako wanakutana mwaka 1875 katika shamba la Unguja, chini ya mikarafuu iliyotanda na kusheheni, wahamishie Pemba. Unafuta neno moja, unaandika jingine, na hakuna atakayejua ulikuwa karibu kuanguka.

2. Chagua macho yasiyoona mbali

Asubuhi ya 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika chache, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga kasri la Unguja kwa mizinga, na kabla ya saa nzima kupita vita ilikuwa imekwisha. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekikalia kiti siku mbili tu, alikimbilia kwa konseli wa Kijerumani. Mwandishi mwenye makuu atataka asimame juu ya manowari. Basi atadaiwa majina ya meli, idadi ya mizinga, vyeo vya maofisa na rangi ya vifungo vyao, na mahali fulani atateleza.

Wewe mweke mpishi katika jiko la mtaa wa nyuma. Anasikia mshindo. Chokaa inadondoka kutoka darini na kuingia kwenye mchuzi. Anafunika chungu, anatoka uani kuhesabu watoto, anakuta mmoja hayupo. Hapo hujakosea kitu, na msomaji amekuamini kuliko angepewa orodha ya kila meli. Aliyemo ndani ya tukio kwa kawaida hajui jina la tukio; hilo jina tumelitia sisi baadaye. Mtoto, mgonjwa, mgeni aliyefika jana, mjane wa eda asiyetoka nje: hawa ni marafiki zako. Wape usukani.

3. Mkabidhi upepo kalenda yako

Hapa tulia nami kidogo, maana ndipo wengi wanapozama.

Vyombo vya tanga havikwenda kwa matakwa ya nahodha. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba mpaka Machi, ndiyo iliyowashusha Waarabu na Wahindi kuja kwetu na tende, samaki mkavu, mazulia na nguo. Kusi ikishika, kuanzia kati ya Aprili na Mei, ikawarudisha kwao na karafuu, pembe na boriti. Kwa hiyo mgeni kutoka Maskati anateremka Forodhani Januari, na mume anayerudi Arabuni anaagana na mkewe kusi inapoanza. Ukilishika hilo, nusu ya msuko wako umejipanga wenyewe: anayechelewa kuondoka amefungiwa mwaka mzima, na katika mwaka mzima watu huoa, hukopa na kuuana. Na kama mgeni wako lazima afike Julai, mpandishe merikebu ya moshi, mradi ni baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na meli za abiria kuanza kuzoea njia yetu.

Habari nazo zilisafiri kwa chombo. Seyyid Said alifia baharini Oktoba 1856, na Unguja haikujua mpaka merikebu zake zilipofika. Waya wa simu chini ya bahari uliifikia Unguja mwaka 1879. Kabla ya hapo, mtu wako asijue jambo la Ulaya ila limekwisha chacha. Nakwambia hii ni neema: mhusika asiyejua kwamba aliyemwandikia barua amekwisha kufa ni sura nzima ya bure.

Sasa tarehe. Katika mdomo wa mtu wa mji wa zamani hizo, Agosti haikai vizuri. Siku ile ya mizinga ya 1896 kwake ilikuwa ndani ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa Kizungu, hivyo usiifunge kwenye msimu mmoja wa mvua au jua riwaya yote. Simu iliyo mfukoni mwako inageuza tarehe za Kiislamu na za Kizungu kwa sekunde. Itumie kila sura. Na ukishaijua tarehe ya Kiislamu, umeujua na mwezi wa angani. Usiku wa kuamkia vita ile, mwezi mpevu ulikuwa umeshapita kwa siku tatu au nne, kwa hiyo ulichelewa kuchomoza. Kama kuna mtu wa kutoroka na sanduku la dhahabu, mtoroshe kati ya magharibi na kuchomoza kwa mwezi, gizani kabisa. Msomaji hatakwenda kupiga hesabu. Lakini wewe utaandika usiku ule kwa mkono usiotetemeka, na hilo yeye ataliona.

Kwa saa za siku usihangaike. Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha: saa tano hizi zilikuwa sahihi Kilwa ya mwaka 1331 na ni sahihi leo.

4. Kagua sufuria

Ukimpeleka mhusika Kilwa ya wakati wa Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka huo wa 1331, ukampa sima ya mahindi na kisamvu, umekwisha. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, nyanya, papai, nanasi, mapera, korosho, tumbaku, na hata ile pilipili inayotutoa machozi, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari baada ya Wareno kuanza kuranda huku, na Vasco da Gama alipita 1498. Soma tena orodha hiyo polepole. Imefuta karibu kila kitu unachokula wewe kijijini kwenu.

Usife moyo, chakula kipo. Mtama, uwele, wali, nazi, kunde, ndizi, samaki, samli, asali. Ibn Battuta mwenyewe ameeleza alivyokaribishwa Mogadishu: wali wa samli na vitoweo juu yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando yenye ndimu za kutiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa aliona watu wakiishi kwa ndizi na samaki. Hiyo ndiyo meza yako, andika juu yake bila woga. Muwasho mtafutie kwenye pilipili manga na tangawizi. Na ukiwa na shaka yoyote, katika karne yoyote, mpe mtu wako samaki.

Ukifika karne ya 19 mambo yanalegea. Muhogo umeshakuwa mwenyeji, mahindi vilevile. Hapo unaweza kupika kwa raha zako.

5. Mtie mhusika katika deni

Fedha ndiyo inayowaumbua watu haraka kuliko yote. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, baada ya florini iliyodumu muda mfupi tangu 1920. Kabla yake ni rupia na pesa, na kabla rupia haijatawala ni riali. Kwa Wajerumani rupia iligawanywa kwa pesa 64, mpaka karibu na 1905 walipoikata kwa hela 100. Kwa hiyo mzee wa 1860 anayelia kwamba hana hela amewahi kufika kwenye kilio.

Riali naipenda sana, na wewe utaipenda. Ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria iliendelea kupigwa na mwaka 1780 juu yake, mwaka aliokufa malkia huyo, hata ilipotengenezwa miaka mia baadaye. Mhusika aitoe mfukoni mwaka 1820 au 1870, tarehe iliyochongwa ni ileile. Sarafu gani nyingine imekubali kukustiri hivyo?

Bei usitaje. Bei ya ng'ombe, ya kilemba, ya kufunga ndoa, zote ziache. Badala yake mkopeshe. Mtu anayedaiwa hafikirii kiasi, anamfikiria mdai wake, anabadilisha njia asipite dukani kwa Mhindi, anavaa kanzu ya kuazima. Deni linajenga tabia na halidai tarakimu. Ukimpeleka bara na msafara, mlipe kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na nyaya za shaba. Merikani yenyewe ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, baada ya Seyyid Said na Marekani kutiliana mkataba wa 1833. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ya 1861 mpaka 1865 ikaikatisha biashara hiyo. Mpagazi abebe kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na umbali uupime kwa siku na vituo vya maji. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba. Wa kwako asifike baada ya kurasa mbili akiwa na kanzu nyeupe.

6. Vua kanga

Ikiwa ni kabla ya robo ya mwisho ya karne ya 19, vua. Mvishe kaniki au merikani, leso baadaye. Na kanga yenye jina, ile ya kumsuta mke mwenza bila kufungua mdomo, ni ya karne ya 20. Majina ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Najua ulishaandaa ugomvi mzuri wa kanga. Usogeze mbele miaka hamsini, au wape wanawake hao vijembe vya mdomo.

7. Usiyaamini macho yako Mji Mkongwe

Utakwenda Unguja wikiendi moja, utapiga picha, utarudi na kuandika ulichokiona. Hapo ndipo unapokamatwa. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, hivyo mtu wa tufani ya 1872 hawezi kupumzika kivulini mwake. Mnara wenye saa uliokuwa mbele yake uliharibiwa na mizinga ya 1896. Ule ulioonekana usoni mwa jumba miaka iliyofuata ulikuja baada ya hapo, na Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka. Kanisa la Waanglikana la Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko kufungwa, kwa hiyo kengele yake isilie mnadani. Zile sanamu za watumwa shimoni, zenye minyororo shingoni, ni za miaka ya 1990. Ngome Kongwe inafaa kwa karibu hadithi yoyote ya enzi ya Waomani. Ukikwama, geuza uso wa mhusika atazame bahari.

8. Hapa hakuna njia ya mkato

Nimekuahidi njia za mkato na ninazo nyingi, lakini kwa watumwa sikupi hata moja. Waliouzwa hawakuacha vitabu vingi, na kila kosa letu linawaibia mara ya pili. Zijue sheria zao moja moja. Zanzibar ilifuta hali ya utumwa kisheria 1897, ila mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Na masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Ukiandika kwamba suria wa tajiri wa Shangani aliamka siku moja ya 1897 akiwa huru, umemnyima miaka kumi na miwili ya maisha yake, na riwaya yako imepoteza kisa chenye uchungu kuliko vyote. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Tanganyika ilikuwa 1922, Waingereza wakiwa wameshaingia. Kwa hiyo chini ya bendera ya Kijerumani bado palikuwa na watu wanaomilikiwa. Usiwapake mabwana zao manukato. Bwana mpole katika riwaya ya utumwa anahitaji sababu nzuri sana ya kuwemo.

9. Iba, lakini iba kidogo kidogo

Vitabu vitatu vinakutosha. Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903, ambamo sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Harusi, jando, matanga, pepo, safari, yote yamo, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Cha pili ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, zilizochapwa kwa Kijerumani 1886; ndani yake kuna kasri la Mtoni kama lilivyoonekana na mtoto aliyekulia humo. Cha tatu ni maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe; usimwamini juu ya tabia yake, ila msikilize anapotaja bidhaa, njia na mapatano.

Kwa kila tukio chukua kitu kimoja tu. Kimoja! Ukitia kumi, riwaya inakuwa duka la vinyago na msomaji anatafuta mlango. Jinsi mgeni anavyopewa maji ya kunawa inatosha kuubeba mlo mzima.

Maneno nayo yana kituo chao cha ukaguzi: kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, ya 1882. Neno likiwemo, lilisemwa. Litumie ukilala usingizi. Lisipokuwemo, usikate tamaa mara moja, kwa kuwa Krapf aliishi Rabai na masikio yake yalikuwa ya Mombasa. Mazungumzo yaandike kwa Kiswahili chepesi kisicho na umri. Mtumwa amwite bwana wake kama alivyomwita, mke na mume waitane kama walivyoitana, na baada ya hapo waache waongee.

10. Kiri kabla hujaulizwa

Kuna mahali utataka kukosea kwa makusudi. Utataka mtu aliyekufa 1888 aishi hadi 1890 kwa sababu unamhitaji harusini. Fanya, riwaya ni yako. Kisha nyuma ya kitabu weka ukurasa mmoja. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, alieleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuni, si yule Kinjikitile wa Ngarambe wa Vita vya Majimaji. Hakuna aliyemshitaki kwa uongo tangu hapo.

Ukurasa wako uandike hivi. Taja waliokuwepo kweli. Taja uliowabuni. Taja miaka uliyoivuta na sababu ya kuivuta, sentensi moja kwa kila mwaka. Usiombe radhi na usijisifu kwa vitabu ulivyosoma. Acha nafasi ya mstari au miwili kwa ajili ya toleo la pili, kwa sababu barua zitakuja, na nyingine zitakuwa na haki. Zikusanye kwenye bahasha moja, umpe mchapishaji siku atakapokupigia kukwambia nakala zimekwisha.